Diski Ikifa, Nani Alipe?

Diski ngumu ya kwanza duniani isingeweza kurudishwa dukani hata kama mteja angetaka. Ilikuwa na uzito wa karibu tani moja, na zaidi ya hilo haikuwa mali ya aliyeitumia. Kampuni ya IBM iliitangaza Septemba 1956 ikiwa sehemu ya mtambo ulioitwa 305 RAMAC: sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, zimepangwa kwenye mhimili mmoja na kuzungushwa mara 1,200 kwa dakika. Zote kwa pamoja zilihifadhi herufi milioni 5. Picha moja ya simu ya leo ingeijaza yote na sehemu yake kubaki nje. Mtambo mzima ulikodishwa kwa dola 3,200 kwa mwezi.

Ndani ya kodi hiyo kulikuwa na kitu ambacho wanunuzi wa siku hizi hukitafuta kwa tochi: fundi. RAMAC ilipogoma, mteja hakujaza fomu wala kupekua droo akitafuta risiti. Alipiga simu, na mtu wa IBM akaja na mkoba wake wa vifaa, amefunga tai, akaitengeneza palepale ilipo. Kampuni ya karatasi ya Crown Zellerbach ya San Francisco, iliyokuwa miongoni mwa wa kwanza kuupokea mtambo huo, haikuwa na sababu ya kujiuliza diski ikifa hasara ni ya nani. Ilikuwa ya mwenye mali, na mwenye mali alikuwa IBM.

Mpango huo ulikuwa umeanza kutikiswa hata kabla RAMAC haijatangazwa. Januari 1956, ili kumaliza kesi ya kuhodhi soko, IBM ilikubaliana na serikali ya Marekani kwamba pamoja na kukodisha mitambo yake itaiuza pia. Matunda ya makubaliano hayo yalichukua miaka kuonekana, lakini ndiyo yaliyomfungulia mtu wa kawaida njia ya kumiliki diski na, bila kuulizwa, kumiliki ubovu wake. Historia yote ya waranti ya diski ni mvutano juu ya ubovu huo: nani aubebe, kwa muda gani, na muda huo uanze kuhesabiwa lini. Anayeufuatilia mvutano huo hugundua mapema kwamba urefu wa waranti haujawahi kufuata sana uimara wa chuma. Umefuata mfuko wa kiwanda na joto la ushindani sokoni.

Sheria iliyoipa waranti sura yake ya leo haikuwa na habari na kompyuta. Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya Magnuson-Moss, ambayo Rais Gerald Ford aliitia saini Januari 1975, malalamiko yaliyokuwa mezani yalihusu magari na vyombo vya nyumbani. Sheria haikumlazimisha mtengenezaji kutoa waranti. Ilisema tu kwamba akiitoa kwa maandishi, aiandike kwa lugha inayoeleweka na aseme waziwazi kama ni kamili au ina mipaka. Viwanda vingi vilichagua mipaka, na vya diski navyo vilipoingia sokoni miaka michache baadaye vilifuata mkondo huohuo. Chukua karatasi yoyote ya waranti ya diski: itaahidi kutengeneza au kubadilisha kifaa, kisha mistari michache chini yake itajitoa katika kila kilichokuwa ndani ya kifaa hicho. Hesabu za duka, tasnifu ya mwanafunzi, picha za harusi, vyote hivyo havimo. Mnunuzi analipa kwa ajili ya data zake. Kiwanda kinadhamini boksi.

Diski ya kwanza iliyotoshea ndani ya kompyuta ndogo ya mezani ilitoka mwaka 1980. Walioiunda walikuwa Al Shugart na wenzake huko California, katika kampuni changa ambayo baadaye ilijulikana kama Seagate. Iliitwa ST-506, ilihifadhi megabaiti 5 na iliuzwa kwa takribani dola 1,500. Miaka mitatu baadaye IBM ilitoa kompyuta ya PC/XT ikiwa na diski ya megabaiti 10 ndani yake, na hapo diski ikawa bidhaa ya watu wa kawaida, au angalau ya ofisi za kawaida.

Watu hao hawakukawia kujua kwamba diski hufa. Kompyuta ya IBM PC/AT iliyotoka Agosti 1984 iliwekewa diski za megabaiti 20 kutoka kampuni ya Computer Memories Inc., nazo ziliharibika kwa wingi hadi sifa ya kompyuta yenyewe ikaingia doa. IBM ikaachana na muuzaji huyo. Kampuni iliyokuwa ikimtegemea mteja mmoja mkubwa ikabaki bila pa kushika, na haikupita muda ikaacha kabisa kutengeneza diski.

Kwa kiwanda, waranti ni deni. Kila diski inayotoka mlangoni huacha nyuma yake fedha zinazotengwa vitabuni kungojea siku itakaporudi, na faida ya diski moja ni ndogo kiasi kwamba moja ikirudi hula faida ya kadhaa zilizobaki kwa wateja. Ndiyo maana idadi ya diski zinazorudi ilikuwa siri iliyolindwa kuliko hata michoro ya mashine zenyewe. Na ndiyo maana kishawishi cha kuzificha kilikuwepo tangu mwanzo.

MiniScribe ilikifuata kishawishi hicho mpaka mwisho. Kampuni hiyo ya mji wa Longmont, jimbo la Colorado, ilikuwa imeyumba ilipokabidhiwa kwa Q. T. Wiles mwaka 1985, mtu aliyesifika kwa kufufua kampuni mahututi. Malengo ya mauzo yakapandishwa, na wakuu wa idara wakajua kwamba kutoyafikia ni kuhatarisha kibarua. Mwishoni mwa 1987 stoo ilikuwa na upungufu wa mamilioni ya dola ambao wakaguzi wangeuona wakihesabu. Baadhi ya wakuu wakapata suluhisho: walinunua matofali, ya kujengea nyumba, yapatayo 26,000, wakayafunga katika maboksi ya diski na kuyafanya yaonekane vitabuni kama bidhaa iliyo njiani kwenda kwa wasambazaji.

Habari ya matofali ndiyo inayosimuliwa, na haki yake isimuliwe. Lakini tofali halidanganyi kwa muda mrefu. Anayefungua boksi anajua amepigwa. Hila iliyokuwa na sumu zaidi ilikuwa ya diski mbovu zilizorudishwa na wateja. Hizo zilirundikwa, zikafungwa upya na kuhesabiwa kama mali nzima, na nyingine zikapelekwa tena sokoni kana kwamba ndiyo kwanza zimetoka kiwandani. Mnunuzi wa mji mmoja alirudisha diski iliyokufa, na mwenzake wa mji mwingine akaweza kuikuta ndani ya boksi jipya alilouziwa kwa bei kamili. MiniScribe ilifilisika Januari 1990, mali zake zikanunuliwa na mshindani wake Maxtor, na mwaka 1994 Wiles alipatikana na hatia ya udanganyifu.

Miaka hiyo ya 1990 ndipo desturi ya kurudisha diski ilipopata taratibu ambazo bado zinafuatwa. Kabla ya diski kusafiri, husafiri namba yake: ile namba ya mfululizo iliyochapwa kwenye lebo, ambayo kiwanda huitumia kujua diski ilitengenezwa lini, iliuzwa kwa nani na kama muda wake haujaisha. Mteja akikubaliwa hupewa namba nyingine, inayojulikana kote kwa herufi tatu, RMA, nayo lazima ionekane juu ya boksi, la sivyo boksi hukataliwa mlangoni. Halafu yanakuja masharti ya kufunga mzigo: mfuko wa kuzuia umeme tuli, sponji pande zote, boksi gumu. Huonekana kama ukorofi wa makarani mpaka mtu aelewe kilichomo ndani. Vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na nafasi iliyopo kati yao ni ndogo kuliko unene wa unywele kwa mbali sana. Diski yenye hitilafu ndogo ikifungwa kwa gazeti na kurushwa-rushwa na wapakiaji, hufika kiwandani ikiwa imekufa kabisa, na kiwanda kina haki ya kusema hakikuiua chenyewe.

Sharti geni kuliko yote lilimtaka mteja aipime diski mwenyewe na kuleta ushahidi. Kila kiwanda kilitoa programu yake ya vipimo: Maxtor ilikuwa na PowerMax, Western Digital ilikuwa na Data Lifeguard, Seagate ikatoa SeaTools, na IBM ikawa na Drive Fitness Test. Programu ilizunguka diski nzima, ikaisha kwa kutema msimbo wa kosa, na msimbo huo ndio uliojazwa kwenye fomu. Bila msimbo, maelezo ya mteja kwamba diski yake inagonga kama saa mbovu hayakuwa na uzito.

Viwanda vilikuwa na sababu. Diski nyingi zilizorudi zilikuwa nzima. Kilichoharibika kilikuwa waya, umeme wa kompyuta, au uvumilivu wa mwenyewe. Kiwanda kimoja kilichonukuliwa katika utafiti wa mwaka 2007 kiliripoti kwamba asilimia 43 ya diski zilizorudishwa kwake hazikukutwa na hitilafu yoyote. Wateja nao walikuwa na jibu lao: diski inaweza kupita kipimo cha dakika tano mezani kwa fundi na bado ikakwama kila usiku kwenye seva yenye kazi nzito. Hapo pande zote mbili zilikuwa na haki, na ubishi huo haujaamuliwa mpaka leo.

Diski zenyewe zilifundishwa kujitolea ushahidi. IBM ilianza mwaka 1992 na diski zilizoweza kujichunguza na kutoa tahadhari, kampuni ya kompyuta ya Compaq ikafuata mwaka 1995 na mfumo uliobuniwa pamoja na viwanda vya diski, na kutoka hapo ukazaliwa utaratibu wa pamoja unaoitwa SMART. Ndani ya diski kuna daftari dogo: imewaka saa ngapi, imewashwa mara ngapi, sehemu ngapi za sahani zimeharibika na kuhamishiwa kwenye akiba. Daftari hilo litarudi baadaye katika masimulizi haya kwa njia ambayo waliolibuni hawakuitazamia.

Na kinachorudi kwa mteja? Mara nyingi si diski mpya. Ni diski ya mtu mwingine iliyorudishwa, ikatengenezwa, ikapimwa na kupewa lebo tofauti. Za Seagate zilijulikana kwa lebo yenye mpaka wa kijani. Waranti ya diski kama hiyo kwa kawaida humalizia siku zilizobaki za ile ya kwanza. Tofauti na mchezo wa MiniScribe ni kwamba safari hii lebo inasema ukweli. Wapo waliozichukia diski hizo za kijani na kuziuza siku hiyohiyo, na wapo walioona kwamba diski iliyopimwa mara mbili si haba.

Katikati ya miaka ya 1990 waranti ya miaka mitatu ilikuwa ya kawaida kwa diski za mezani, na mitano kwa za seva. Kisha yakaja mapigo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza lilitoka kwa waliovumbua diski yenyewe. Mwaka 2000 IBM ilitoa Deskstar 75GXP, diski yenye kasi iliyosifiwa na kila aliyeijaribu, na ambayo wenye nayo waliibatiza upesi jina la Deathstar, nyota ya kifo. Oktoba 2001 kesi ya pamoja ilifunguliwa California na wanunuzi waliodai kwamba IBM ilijua udhaifu wake. Wengine walikuwa wamebadilishiwa diski, kisha hiyo mbadala nayo ikafa. Mwaka uliofuata IBM ilitangaza kuiuzia Hitachi biashara yake ya diski kwa dola bilioni 2.05. Kampuni iliyokuwa ikimtuma fundi mwenye tai ikatoka kabisa katika kazi hiyo.

Pigo la pili lilikuwa la Fujitsu, na ni somo la jinsi kitu kidogo kinavyoweza kuua kikubwa. Diski zake za mezani zilianza kuzimika baada ya miezi kadhaa ya kazi, kompyuta isizione tena, ingawa sahani na vichwa vilikuwa salama. Fujitsu ilielekeza kidole kwenye chipu ya kampuni ya Cirrus Logic. Ganda jeusi linalofunika chipu lilikuwa limechanganywa na fosforasi nyekundu ili lisishike moto kwa urahisi, na katika joto na unyevu kemikali hiyo ilisababisha njia za umeme zigusane mahali zisipopaswa. Kampuni hizo mbili zilipelekana mahakamani mwaka 2001. Kwa mteja aliyekuwa na diski mkononi, mjadala wa fosforasi haukumrudishia kitu. Alichoweza kudai ni diski nyingine.

Baada ya hapo viwanda vilipunguza. Maxtor, Seagate na Western Digital, wapinzani waliokuwa wakinyang'anyana kila mteja, zote zilitangaza kwamba kuanzia Oktoba 1, 2002 waranti ya diski zao nyingi za mezani itashuka kutoka miaka mitatu hadi mmoja. Hakuna aliyesema diski za Oktoba zilikuwa mbovu kuliko za Septemba. Bei zilikuwa zimeporomoka, faida imekonda, na deni la diski zinazorudi lilikuwa mahali rahisi pa kukata. Hapo aliyekuwa bado anaamini kwamba muda wa waranti ni makadirio ya kihandisi ya uhai wa diski alipaswa kuacha kuamini.

Uthibitisho ulikuja kwa kinyume chake. Julai 2004 Seagate ilitangaza waranti ya miaka mitano kwa diski zake zote za ndani, hata zile zilizotoka kiwandani tangu Juni 1. Je, chuma kilikuwa kimekuwa imara mara tano katika miezi ishirini? Hapana, Seagate ilitaka soko, na miaka mitano ilikuwa tangazo bora kuliko bango lolote. Mbinu ilifanya kazi. Mwaka 2006 iliimeza Maxtor.

Katika raha hiyo ya miaka mitano, Februari 2007, tafiti mbili ziliwasilishwa kwenye mkutano mmoja huko San Jose, na baada yake maneno ya viwanda hayakusomeka tena kwa macho yaleyale. Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichunguza kumbukumbu za diski takribani 100,000. Karatasi za viwanda zilidai wastani wa saa milioni moja au zaidi kati ya kuharibika na kuharibika, yaani zaidi ya miaka 114, jambo ambalo lingemaanisha kwamba chini ya asilimia 1 ya diski hubadilishwa kila mwaka. Walichokikuta kwenye vituo vya data ni asilimia 2 hadi 4 kwa kawaida, na mahali pengine hadi 13. Watafiti wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walitazama zaidi ya diski 100,000 za kampuni yao na kugundua kwamba lile daftari la SMART halitoshi. Zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya dalili nne zinazoaminika zaidi. Sharti la kuleta ushahidi kabla ya kifo, ambalo wateja walikuwa wamelilalamikia kwa muongo mzima, sasa lilionekana lilivyo.

Miaka mitano ya Seagate haikufika mbali. Mwanzoni mwa Januari 2009 ilirudishwa kuwa mitatu kwa diski za mezani, na katika mwezi huohuo ikafumuka kashfa ya Barracuda 7200.11. Diski zilizokuwa zikifanya kazi vizuri jana ziligoma kuamka leo. Kosa halikuwa kwenye chuma bali kwenye programu iliyo ndani ya diski yenyewe: daftari la matukio lilipofika ukurasa fulani wakati wa kuzimwa, diski iliwaka tena ikiwa imejifungia. Data zote zilikuwepo, hakuna hata herufi moja iliyopotea, ila hapakuwa na mlango. Seagate ilitoa programu ya kurekebisha, nayo ikagomesha baadhi ya diski nyingine, ikabidi iondolewe na kutolewa upya.

Ndipo ukajitokeza mkanganyiko ambao waranti haikuandikwa kuutatua. Kubadilishiwa diski kulimaanisha kuipoteza ile yenye data, na data zenyewe zilikuwa nzima. Wenye ujasiri waliunganisha waya mbili tatu kwenye pini za nyuma ya diski, wakaipa amri kutoka kompyuta nyingine na kuifungua wenyewe, wakijua kwamba kwa kufanya hivyo huenda wanauaga udhamini wao. Seagate, kwa sifa yake, ilikubali kuwaokolea data waathirika bila malipo kupitia kampuni yake tanzu. Ni mara chache kiwanda cha diski kimevuka mpaka ule ulioandikwa kwenye karatasi.

Mvua za Thailand ndizo zilizofunga enzi hiyo. Oktoba 2011 maji yalivamia maeneo ya viwanda ya Ayutthaya, na kiwanda cha Western Digital cha Bang Pa-In kilizama kiasi kwamba wapiga mbizi waliajiriwa kuopoa mashine. Kampuni hiyo ilikuwa ikitegemea Thailand kwa takribani asilimia 60 ya diski zake. Bei za diski ziliruka maradufu na zaidi duniani kote. Desemba, maji yakiwa yanapungua, viwanda vyote viwili vikubwa vilitangaza kupunguza waranti: Western Digital ilishusha diski zake kadhaa za kawaida kutoka miaka mitatu hadi miwili, na Seagate nyingine hadi mmoja. Diski zilikuwa adimu, hakuna aliyehitaji kubembelezwa anunue.

Wakati wahandisi na wahasibu wakivutana juu ya miaka, swali jingine lilikuwa likisafiri kimyakimya ndani ya yale maboksi ya RMA. Novemba 2008 diski moja iliharibika katika seva ya Idara ya Nyaraka za Taifa ya Marekani. Ilikuwa moja ya kundi lililobeba mfumo ambao wanajeshi wastaafu waliutumia kuomba nakala za kumbukumbu zao. Idara ilifanya kile ambacho kila mwenye waranti hufanya: ikairudisha kwa kampuni iliyoiuza. Kampuni ikaona haitengenezeki, ikaipitisha kwa nyingine iirejeleze. Hakuna aliyefuta kilichokuwemo. Habari zilipotoka Oktoba 2009, ilielezwa kwamba hifadhi hiyo ilikuwa na taarifa za wastaafu wapatao milioni 70, zikiwemo namba zao za hifadhi ya jamii. Diski iliyokufa kwa mwenyewe haikuwa lazima iwe imekufa kwa mtu mwingine mwenye vifaa na nia.

Tangu hapo benki, hospitali na ofisi za serikali zimejifunza kulipia haki ya kutorudisha. Wauzaji wa seva kama Dell na Hewlett Packard Enterprise huuza huduma inayomruhusu mteja kupewa diski mpya na kubaki na ile mbovu, aiponde mwenyewe kwa nyundo au mashine. Waranti iliyoanza kama ahadi ya kupokea kitu kibovu ikawa, kwa malipo ya ziada, ahadi ya kutokipokea.

Afrika Mashariki sehemu kubwa ya historia hii ilifika ikiwa imeshaisha muda. Kompyuta zilizotumika Ulaya na Ghuba zilishuka bandarini Mombasa na Dar es Salaam na diski zilizokwisha miaka yao. Hata diski mpya iliyopitia Dubai inaweza kumwaibisha mwenyewe: anapoingiza namba yake kwenye tovuti ya kiwanda anaambiwa iliuzwa kwa kanda nyingine, au iliuzwa kwa mtengenezaji wa kompyuta, hivyo amtafute huyo. Kinachobaki ni waranti ya dukani. Mwenye duka wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi hubandika stika ndogo, huandika tarehe kwa kalamu, na hutaja miezi. Stika ikibanduka, hakuna mazungumzo. Wasomi wa sheria wangeicheka, lakini kwa namna fulani inakaribiana na RAMAC kuliko fomu yoyote ya mtandaoni: inamtegemea mtu anayejulikana kwa sura na mahali anapopatikana kesho asubuhi. Ugumu wake unaanza mwenye duka anapohama. Na sasa kuna zaidi ya uungwana wa muuzaji: sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya kulinda taarifa binafsi ya 2022 zinamfanya mwenye ofisi afikirie mara mbili kabla ya kusafirisha nje diski iliyojaa majina ya wateja.

Diski zisizo na sahani zilipoenea, viwanda vilipata kipimo kipya. Samsung ilitoa 850 Pro mwaka 2014 kwa waranti ya miaka kumi, lakini yenye ukomo wa terabaiti 150 za kuandikwa, kipi kitangulie. Udhamini ukaanza kuhesabiwa kama gari la kukodi, kwa kilomita.

Kipimo chochote kinachohesabika kinaweza kurudishwa nyuma. Januari 2025 chombo cha habari cha Ujerumani, Heise, kilianza kupokea taarifa za wasomaji walionunua diski kubwa za Seagate Exos kwa bei ya mpya, kutoka kwa wauzaji wenye sifa. Daftari la SMART lilionyesha saa sifuri au karibu na hapo. Lakini Seagate huweka ndani ya diski daftari la pili, linaloitwa FARM, na hilo lilionyesha makumi ya maelfu ya saa za kazi. Ilishukiwa kwamba nyingi zilitoka kwenye mashamba ya sarafu ya kidijitali ya Chia nchini China, ambayo huchimbwa kwa nafasi ya diski, na ambayo thamani yake ilikuwa imeanguka. Seagate ilisema haikuwa imeziuza diski hizo kwa wauzaji hao na ikaanza uchunguzi. Baadhi ya wanunuzi waligundua udanganyifu kwa njia ya kawaida kabisa: waliingiza namba ya mfululizo kwenye ukurasa wa waranti siku ya kwanza, na kuambiwa kwamba muda wa diski yao mpya ulikwisha zamani.